Kikombe cha Maziwa Kwenye Supu ya Ivy

Kibomet, Kitale
19 Aprili 2024

Mama,

Salamu kutoka kwetu. Natumai mguu wako unaendelea vizuri. Ningepiga simu, lakini nikisikia sauti yako nitakutukana, na wewe ni mama wa bwanangu. Kwa hivyo naandika.

Ivy ametoka hospitali leo. Siku nne, Mama! Mtoto wa miaka mitatu! Macho bado yamefura.

Nilipokuachia Ivy, nilikuletea supu yake kwa chupa: karoti, malenge, viazi na kitunguu, nimeponda mwenyewe. Nikakuandikia kwa karatasi maneno ya daktari, kwamba asiguse maziwa, hata tone. Nikakusomea, ukaitikia. Sasa mwanao Kevin ananiambia ati uliongeza kikombe kizima cha maziwa. Midomo ikafura, pumzi ikakwama, na wewe ukaanza kumwombea kabla ya kuita pikipiki!

Ulikuwa unafikiria nini?

Ivy hatakanyaga huko tena.

Mke wa mwanao,
Chepngeno

Bungoma
26 Aprili 2024

Chepngeno,

Hujambo? Mimi presha imepanda kwa ajili ya barua yako. Mguu uko vile vile, asante kwa kuuliza kabla ya kunigombeza.

Nimelea watoto kwa hii mikono. Wewe unaniandikia karatasi kana kwamba mimi ni mfanyakazi wako. Ile supu ilikuwa maji ya rangi tu! Mtoto amekonda, shingo kama ya kifaranga. Na nyinyi watu wa mursik, maziwa yenu ya kibuyu, maziwa asubuhi, maziwa jioni, ndio mnaniambia maziwa ni sumu? Si alikuwa na homa tu, bana.

Huyo ni mtoto wa boma hii, na mimi ndiye kukhu, nyanya yake. Utamleta.

Kukhu yake,
Rosaline

Bungoma
30 Juni 2024

Mwanangu Chepngeno,

Salamu nyingi. Ivy anaendeleaje? Umenyamaza miezi miwili. Simu hushiki, na Kevin akija anasimama tu mlangoni.

Sikusahau karatasi yako. Niliisoma vizuri, nikafanya makusudi.

Mwaka wa 1995 nilikuwa na msichana, Nabwile, wa miezi minane. Jirani yetu Lenah alituletea maziwa ya ng'ombe wake. Nikampa mtoto, mara yake ya kwanza. Akafura uso, akashindwa kupumua, akafia mikononi mwangu. Nilipiga kelele kijiji kizima kikasikia: Lenah ameweka sumu! Wakachoma nyumba yake. Akahamia Kachibora na watoto wake.

Halafu wewe unakuja na karatasi, ati kuna watoto ambao maziwa tu yanaweza kuwaua. Kama ni kweli, basi Lenah hakufanya kitu. Nilitaka Ivy anywe akae sawa, ndio nijue sikukosea.

Nisamehe.

Mama yako,
Rosaline

Kibomet, Kitale
4 Julai 2024

Mama,

Leo sitakuuliza hali.

Nilidhani ulikuwa mkaidi tu. Kumbe ulimfanya mtoto wangu kipimo! Ulikaa hapo na kijiko, ukingoja uone. Nimevunja sahani mbili. Kevin aliposoma alitoka nje.

Pole kwa Nabwile. Nasema hivyo kwa moyo, kwa sababu mtoto yule hakukosea mtu.

Lakini hiyo "nisamehe" umeniandikia mimi. Lenah je? Nimeulizia. Yuko hai, anauza mboga soko la Kachibora. Usiniandikie tena kabla hujaenda kwake.

Mama Ivy

Bungoma
11 Agosti 2024

Mama Ivy,

Natumai mko wazima nyote. Nilienda.

Nilimpata kwa meza yake ya sukuma wiki. Alinitambua mara moja. Nikamweleza yote: Nabwile, maziwa, Ivy, maneno ya daktari. Hakulia. Hakunipa kiti. Akawaita binti zake wawili, akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Paza sauti. Siku ile ulikuwa nayo."

Nikapaza, soko likageuka kuniangalia. Halafu akaniambia, "Sasa nenda useme hivyo kule nyumbani, ambako mama yangu alizikwa mimi nisiwepo."

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikasema. Wazee watatu walitoka nje. Ndio walioshika kiberiti siku ile, na hawanisalimii tena.

Siombi uniletee Ivy. Nilitaka tu ujue nimeenda.

Kukhu,
Rosaline

Kibomet, Kitale
15 Agosti 2024

Mama,

Habari ya huko? Mguu je? Ivy anakula vizuri.

Hasira yangu haijaisha, na usiniharakishe. Lakini mtoto anauliza kukhu yuko wapi, na nimechoka kumdanganya. Njoo Jumamosi. Usibebe kuku, usibebe unga, usibebe chochote cha kuliwa. Utapika ile supu hapa kwangu, kwa sufuria yangu, mimi nikiwa nimesimama kando yako.

Kevin atakungoja stendi. Utanikuta nimenuna. Wewe kaa tu.

Binti yako,
Chepngeno