Kahawa Waliyokula Baba na Ta Byabato

Roma

Mama yangu mpendwa,

Salamu hizi zikukute umekaa, maana ukisimama tu umeshafika shambani. Magoti yanasemaje? Yangu hupanda ngazi za chuo yakinung'unika. Najua anayekusomea ni Koku. Dada yangu, soma kama ilivyoandikwa, usiruke wala usitie chumvi.

Huku kazi ni ile ile. Nafundisha sheria za Kanisa kuhusu ndoa, mimi nisiye na mke, kwa vijana wasiotarajia kuoa. Asubuhi wanasinzia wao, jioni nasinzia mimi juu ya karatasi zao. Nimechoka, Mama. Baridi imehamia mabegani na haina dalili ya kuondoka. Nimesikia redioni habari za vijiji vya ujamaa. Je, nanyi wa Nshamba mtahamishwa? Migomba yetu haijui kutembea.

Sasa lile lako. Unasema Koku ameposwa na Mutalemwa wa Ta Byabato, nawe umekataa, kwa kuwa Baba na Ta Byabato walikula omukago: walichanjana, kila mmoja akameza punje ya kahawa yenye damu ya mwenzake. Watoto wao basi ni ndugu, na kiapo kikivunjwa, ile kahawa itamvimbia mtu tumboni. Wataka nimwandikie padri wa parokia kwamba Kanisa linakataza, "maana wewe profesa atakusikia."

Nililipeleka darasani bila kutaja majina. Undugu wa kuzaliwa unazuia ndoa, wa ubatizo nao unazuia. Wa kahawa haumo. Kijana mmoja wa Uganda, anayeyajua mambo haya, akauliza, "Padri, wewe mwenyewe ungewafungisha?" Darasa zima likaamka, ajabu ambayo sijaizoea. Nikasema muda umekwisha. Haukuwa umekwisha.

Maana Ta Byabato nilimwita baba. Tulipomzika Baba, ndiye aliyenisindikiza seminari Rubya, sanduku langu kichwani kwake, akinicheka njia nzima: "Wewe na tumbo lako! Utarudi kabla mkungu haujaiva."

Hata hivyo, Mama, siwezi kuandika kwamba Kanisa linakataza. Halikatazi. Koku amekutunza miaka yote hii, na wachumba wengine wamechoka kusubiri wakaoa kwingine. (Koku, hapo usiruke.) Kama unakataa, kataa kwa kinywa chako, ukimtazama machoni. Usijifiche nyuma ya kanzu yangu.

Mwite Ta Byabato mkae, ninyi wawili mliobaki wa siku zile. Mkiridhia, nitaomba ruhusa mitihani ikiisha, nije niwafungishe mimi, mtoto wa Baba, sio padri mwingine. Msipokubaliana, nitalisikia na hilo, nitanyamaza.

Nisalimie shangazi wa Bilele, anayedhani nakula mezani na Baba Mtakatifu. Nisalimie katekista wetu na sauti yake. Mutalemwa mwambie asikate miti ya kujengea nyumba kwanza. Ta Byabato mwambie mwanawe hakurudi kabla ya mkungu, ila amezeeka.

Na ile kahawa, Mama, kama kweli inatafuta tumbo la kuvimbisha, iwaache hao wawili, ianze na la mfungishaji. Langu tambi za huku zimekwisha kulizoeza.

Mwanao akupendaye,
Padri Deo