Tumbo Moja au Mawili

Jumamosi, 4 Mei

Nimetoka kwa fundi wa boti, shingo inauma kwa kuangalia milingoti. Zimebaki boti mbili za kuchagua. Katamarani: matumbo mawili yaliyoungwa kwa sitaha, pana, haiinami, chai haimwagiki. Na ile ya tumbo moja, nyembamba. Upepo ukiipiga inalala ubavu, halafu inainuka yenyewe.

Kaka anataka katamarani. Kila mtu na chumba upande wake, anasema, maana mimi nakoroma. Muongo! Nani amenisikia? Tangu niachike nalala na redio.

Safari hii na kaka ndiyo kitu pekee ninachokingojea. Mchana nasaga lenzi za miwani ya watu, jioni nafungua mlango na hakuna anayeuliza nimeshindaje.

Jumanne, 7 Mei

Fundi kaninong'oneza, maana anauza zote mbili: katamarani ikipinduka huko baharini, haijigeuzi tena. Inabaki miguu juu. Basi, nimekata shauri. Nikamwandikia kaka huku mikono ina povu la vyombo: "Nimefikiri sana. Nataka tumbo moja tu. Mambo ya matumbo mawili siyaamini." Nikatuma, nikaendelea kusuuza.

Alhamisi, 9 Mei

Kimya. Labda kanuna kwa ajili ya chumba chake.

Ijumaa, 10 Mei

Nimempigia kaka; kapokea wifi, sauti baridi. Eti kaka kasema nimtafute wa tumbo moja nisafiri naye.

Nikausoma tena ule ujumbe. Mungu wangu — neno boti halimo! Baba yetu mmoja, mama mbalimbali. Na mimi nimemwandikia hivyo, mchana kweupe! Wa tumbo moja nimtoe wapi? Mama alinizaa mimi akakoma. Nina kaka huyu tu.

Nikampigia wifi tena, nikaeleza mpaka nikakaukiwa mate. Kasema atamwambia.

Dukani nimesaga lenzi ya kulia kwa namba za kushoto. Imebidi nianze upya.

Jumamosi, 11 Mei

Kaka mwenyewe kapokea. Sikungoja salamu — nilikuwa nasema chombo, kaka, chombo! Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema polepole, "Wifi yako kaniambia, nimeelewa. Lakini dada, nilipousoma sikushtuka. Nilisema tu, haya, leo kalitamka la moyoni."

Nikamwambia asubiri, nina sufuria motoni. Sina sufuria motoni. Nimekaa mezani, simu iko pembeni, spika wazi. Nasikia anavyopumua. Hajakata.

Natafuta la kumwambia, naandika, nafuta. Kaka, sina mwingine — hapana, ataona namshika kwa kukosa mtu. Kaka, tuchukue katamarani — hapana, hiyo ni pipi ya kumnyamazisha mtoto. Kaka, mimi sikuwahi —

"Dada," anaita. "Upo?"