Kwenye Fomu, Dada Yangu Ndiye Amenizaa

Shikamoo mshauri, nimekusoma miaka mingi na sikuwahi kudhani siku moja nitakuandikia, lakini Ijumaa mume wangu anapeleka fomu ya kumsajili binti yetu wa miezi mitatu, na nisipopata mtu wa kunishika mkono kabla ya hapo, sijui Jumamosi nitaamka nikiwa nani.

Huu ni mwaka wa tisa niko ugenini, nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia mashuka ya hospitali, mume wangu ni fundi wa lifti, mtu mpole sana, tulikutana hukuhuku, na kwa kuwa watoto wa wenzetu hapa wanapewa majina ambayo bibi zao nyumbani hawawezi hata kuyatamka, tulikubaliana wetu apewe jina la kwetu, la ukoo, basi mume wangu akampigia mama yangu amchagulie, akarudi sebuleni meno yote nje, akalitaja, nami nikaangusha chupa ya maziwa, kwa sababu jina lile ni langu.

Ngoja nieleze. Nilikuwa na dada aliyenizidi miaka miwili, akafa kwa homa akiwa na miaka saba. Nilipopata nafasi ya kazi huku, umri wangu haukutosha, mama akafungua sanduku, akatoa cheti cha kuzaliwa cha dada, akakiwekea kitambaa juu, akakipiga pasi kikanyooka, akaniambia, "Nenda naye, mwanangu, na yeye aone dunia." Nikaja naye. Pasipoti ni jina la dada, kazini jina la dada, cheti cha ndoa jina la dada, na mume wangu, Mungu anisamehe, hajui lolote, kwake mimi ndiye huyo. Mama naye akawa ananiita hivyo kwenye simu, alisema ni kunizoesha nisije nikajisahau mbele za watu, kumbe wa kujisahau alikuwa yeye.

Nilipokuwa na mimba ya huyu mtoto, mama akaniuliza, "Na ile homa, imekwisha kabisa?" Nikadhani simu inakwaruza. Akarudia. Nikamjibu, "Imekwisha, mama," akalia kwa furaha mpaka nikaogopa. Tangu siku ile sielewi. Naikumbuka homa ile, mshauri, naikumbuka nikiwa kitandani, kitambaa cha maji kwenye paji la uso, namwona mdogo wangu amesimama mlangoni ananyonya kidole, wakati aliyesimama mlangoni nilikuwa mimi! Kazini msimamizi akiita jina la dada naitika, lakini kuna sauti inayoitika kabla yangu, ndogo, inatoka nyuma ya mashuka yaliyotundikwa, nami nilikuwa najipa moyo kwamba ni uchovu, mpaka juzi mwenzangu wa mashine ya pasi aliponiuliza, "Leo umekuja na mtoto?"

Jumapili asubuhi mume wangu alikuwa anamwogesha binti yetu, akamwita kwa hilo jina, nikaitika "Abee!" kutoka jikoni. Akacheka. "Wewe nani kakuita?" Nikaenda kuwatazama, mtoto anapiga maji kwa miguu, baba mtu anaimba, nimesimama tu mlangoni, na nilipokuja kushtuka kidole changu kilikuwa mdomoni.

Jana nimeikuta fomu mezani, imeshajazwa. Jina la mama: dada. Jina la mtoto: mimi. Nimeisoma mara tano. Dada yangu yu hai na amenizaa, na mimi mwenyewe sipo mahali popote. Mama anasema, "Lile jina lako la zamani limekaa bure, mpe mtoto, na wewe utulie." Nikikataa mume ataniuliza sababu, na nikimwambia ukweli naweza kumkosa yeye na kazi pia. Nikinyamaza naona nitafutika kabisa. Nifanyeje?

Msomaji wako, chumba cha kufulia

MSHAURI ANAJIBU

Pole, mama. Pole sana, maana nimekusoma mchana kweupe na bado nywele zimenisimama. Sasa pole imetosha, nisikilize.

Hicho kinachoitika nyuma ya mashuka sikijui, na usiende kwa yeyote atakayekudanganya kwamba anakijua. Ninachojua ni kwamba mtoto wa miaka saba hakukuomba umtembeze duniani. Mlimtoa sandukuni nyinyi wenyewe, wewe na mama yako, na sasa kila mtu akimwita mnashangaa anaitika! Na huyo mume, jamani, miaka yote anakula na wewe sahani moja hajui anakula na nani. Hilo ni kosa lako, si la mama, si la marehemu.

Mama yako usimchukie. Alipata njia ya kutomzika mwanawe mkubwa, akaishika, na hakuona kwamba anamzika mdogo. Akikuuliza tena habari ya homa, usimjibu kumridhisha. Mwambie, "Mama, homa ilimchukua dada. Mimi ni yule mdogo." Atalia. Hakikisha siku hiyo kuna ndugu amekaa karibu naye, na usikate simu mpaka anyamaze mwenyewe.

Fomu isiende Ijumaa. Ombeni muda zaidi. Cheti ni jambo la sheria, kwa hiyo kamwone wakili, uende na mumeo, na usiongeze uongo mwingine juu ya huu hata kama unaonekana mdogo. Hofu ya kazi naielewa. Lakini kazi hata sasa huna, ni ya dada yako. Binti yenu mtafutieni jina la shangazi au bibi yeyote wa ukoo wenu, mradi lisiwe moja ya haya mawili. La dada likapumzike.

Na usiniambie umefutika. Dada yako alikuwa kitandani. Aliyesimama mlangoni Jumapili, kidole mdomoni, alikuwa nani kama si wewe?

Jambo moja la mwisho. Kabla ya kuichapa barua ya msomaji huwa nafuta majina, asije akajulikana. La dada yako nimelifuta mara tisa. Nikalitafuta lako nilifute pia, nikageuza karatasi mbele na nyuma. Halimo. Hata pale ulipoangusha chupa kwa kulisikia, hukuliandika.

Basi leo mumeo akirudi, mwache avue viatu, mketishe mezani, fomu iwe katikati yenu, ulitaje jina lako hilo kwa sauti. Atageuka kumtazama mtoto. Mshike mkono umwambie, "Si yeye. Ni mimi."