Beseni la Baba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe, wifi na watoto. Natumaini hamjambo. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo ni mzito. Umelalamika kwamba siku hizi Baba anakukatia simu kabla hamjamaliza hata salamu. Nimelisikia, na leo nitakujibu.

Kazini bado tunahangaika na ule mchezo wa kompyuta wa nyambizi. Tukiufanya kama bahari yenyewe, wachezaji wanaishiwa hewa safari ya kwanza na hawarudi tena. Bosi akaamua tuweke kiwango rahisi ambacho hewa yake haiishi kamwe.

Baba amekula chumvi nyingi, na nyingine aliila ndani ya nyambizi za kweli, kwa hiyo yeye ndiye mjaribu wetu. Nilipomwonyesha kiwango hicho alicheka mpaka akapaliwa. Alisema nyambizi isiyoishiwa hewa ni beseni, na hakunisomesha ili nitengeneze mabeseni. Ofisi nzima sasa tunakiita Beseni. Yeye alicheza kile kigumu tu, macho kayafumba, akisikiliza injini za adui. Akizamishwa, alisema asiyekubali kushindwa si mshindani, akaanza upya.

Jana aliniomba nimwekee Beseni. Nilisubiri mzaha, haukuja. Alishinda sebuleni akitembea chini ya bahari, hapigani na mtu, hatafuti chochote. Niliingia jikoni nikalia.

Kaka, mapafu ya Baba yamekwisha. Daktari amesema hakuna tena dawa ya kuyaponya, na Baba amenikataza nisikuambie, kwa kuwa ndiyo kwanza umeanza kazi huko. Anapumua kwa mashine ya oksijeni, nayo inanguruma. Ukipiga simu, huizima kwanza na kuuvua mpira puani, ndipo apokee. Aliniambia kwamba nyambizi ikiwindwa huzima kila kinacholia. Basi anazungumza nawe kwa hewa iliyobaki kifuani, na ikiisha anakata. Hajakukasirikia. Akishaweka simu chini namvalisha mpira, naye huniuliza kama ulishtukia jambo.

Nimevunja amri yake, na atanigombeza akipata pumzi. Usipige simu kwanza, kaka, unamchosha. Njoo.

Nibusie wifi na wanangu. Waambie babu yao anawauliza kila siku.

Ni mimi mdogo wako,
Mtengeneza mabeseni