Sauti ya Mama Riziki Ilivyotuponyoka

Kamwokya, Kampala

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa magoti yote mawili. Mgongo unaendeleaje? Baridi ya Bukavu bado inakubana asubuhi? Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia, ndiyo maana mwandiko unayumba.

Kaa kwanza, mama. Mama Riziki, jirani yetu wa Kadutu aliyenipokea hapa na kunilaza chumba kimoja na wanawe, ametutoka. Presha ilimpanda akiwa sokoni anapanga vitenge vyake, akaanguka, hakuamka tena. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amenigombeza kwa kutoka bila kula. Mpaka leo siamini.

Unajua nafanya kazi kwenye studio ya kurekodia muziki. Kwaya ya kanisa letu ilirekodi hapo, Mama Riziki akiongoza. Siku moja kabla ya mazishi, mume wake akaja kuchukua wimbo wao upigwe kaburini. Ulikuwa bado vipande vipande, tulikuwa hatujauunganisha. Nikaufungua, sauti ikatoka inakwaruza kama bati. Bosi wangu Okello, mtoto wa mwanajeshi aliyejifunzia Kiswahili chake kambini, akasema, “Hiyo programu ya sauti iko naharibika. Toa yeye, weka ingine.”

Programu za kompyuta yetu tunaziweka na kuziondoa kwa kuandika amri, nayo inatii. Nikaandika iondoe hiyo moja. Ikanimwagia majina kioo kizima, kisha ikauliza kama iendelee. Nikadhani ni maneno yake ya kila siku.

“Kubali,” Okello akasema.

Nikakubali.

Mama, mistari ikaanza kukimbia. Inaondoa hiki, inaondoa kile. Kumbe programu nyingi ziliegemea ile moja, na zote zilikuwa zinaifuata! Nikaona jina la programu yetu ya kurekodia likipita. Nikapiga kelele. Okello akarukia waya wa umeme, nikamdaka mkono, maana kuzima katikati kungeharibu zaidi. Halafu picha zote zikatoweka, kikabaki kioo cheusi na kialama kimoja cheupe kinapepesa.

“Banange,” Okello akanong’ona, yaani jamani kwa Kiganda.

Baba Riziki alikuwa amekaa nyuma yetu, kofia magotini. Akauliza polepole, “Neema, na humu pia amekwenda?”

Niliinamia kibodi bila kugeuka.

Nikaandika amri ya kuonyesha yaliyomo kwenye folda ya kwaya. Majina ya nyimbo yakajitokeza yote. Tulikuwa tumeondoa programu, rekodi zenyewe hatukuzigusa. Lakini bila programu tungeunganisha na nini? Na programu ya mtandao wa bila waya, tuliouhitaji ili kuzirudisha, ilikuwa imeondoka pamoja na hizo nyingine. Okello akakimbia kuomba waya wa mtandao kwa jirani mwenye duka la simu. Tukauchomeka, nikaiamuru kompyuta iutambue, kisha nikaanza kurudisha programu. Safari hii nilisoma kila mstari kabla ya kukubali. Baba Riziki hakuondoka. Okello alimletea chai, ikapoa mkononi mwake.

Jua lilikuwa linashuka picha ziliporudi. Nikaunganisha vipande, nikafungua wimbo. Sauti safi kabisa. Kabla kwaya haijaanza, Mama Riziki akasikika anafoka: “Ninyi wa nyuma, simameni wima! Munaimbia Mungu, hamuimbii ukuta!”

Baba Riziki akaangua kicheko, na kicheko kikageuka kilio. Mimi nikanyoosha mkono niyakate yale maneno.

“Acha,” akasema. “Hapo ndipo yuko.”

Kesho yake tukaupiga kaburini kama ulivyo. Sauti ile ilipofoka, wanakwaya wa safu ya nyuma, waliokuwa wamejiinamia wanalia, wakanyooka wote kwa pamoja. Wakatazamana, macho yamewatoka. Halafu wakaanza kuimba naye.

Mwambie shangazi, aliyesoma darasa moja na Mama Riziki, lakini mwambie taratibu, akiwa amekula. Nisalimie kaka Bahati pale anaposhonea viatu, na bibi mzaa baba, umwambie bado nasali ile sala yake. Na wewe, mama, usilie peke yako; waite majirani mlie pamoja.

Mwanao anayekuwaza,
Neema