Ghuba Isiyo na Shahidi

Mpendwa Papa,

Sauti iliyobaki kwangu ni ya mawe madogo. Wimbi lilipokuwa likirudi nyuma liliyaburuta, yakalia kama maharagwe yanayomwagwa kwenye sinia. Ulisimama kwenye ile ghuba ndogo ya Ugiriki tulikoenda likizo, viatu vya kanisani mkononi, ukasikiliza.

Wengine hufika pale kwa boti. Wewe hukupanda tena chombo kidogo tangu ulipovuka Ziwa Kivu ukikimbia vita, mimi nikiwa mgongoni kwa Maman. Basi tulimwacha Maman na magoti yake mabovu kijijini, tukashuka genge kwa miguu, saa mbili nzima, suruali yako imepigwa pasi, sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, umeifunga kwa taulo.

"Hatuwezi fika kwa watu mikono mitupu," ulisema.

Hapakuwa na mtu. Upepo ulikuwa umezuia boti.

"Bon, ni pazuri," ulisema tukila. "Lakini hata Mungu akikuya huku, anafika miguu inamuuma."

Nilicheka. Wewe ulikuwa unatazama maji.

"Nikikufa, musinipeleke Bukavu. Ni mbali kwako. Unizike karibu, penye utafika ukitoka kazi."

"Papa, kula."

Nilikujibu hivyo tu. Ningalikuomba uyarudie maneno hayo mbele ya Maman, lakini jioni ile tulizungumzia malengelenge yako.

Ulipofariki, kaka yako alikuwa ameshachimbisha kaburi Bukavu, pembeni ya babu, walipo wanaume wote wa ukoo.

"Aliniambia mwenyewe, Papa Mukubwa," nilimwambia kwenye simu.

"Mbele ya nani?"

"Tulikuwa wawili."

"Alors, ni wewe ndiye umesema. Tangu lini mutoto mwanamuke anachagulia baba yake kaburi?"

Maman aliniuliza mara moja: "Ulisikia muzuri?" Nikasema ndiyo. Hakuuliza tena.

Sikumwambia kwamba mimi pia nilitaka ubaki huku karibu nami. Nimejichunguza sana, nikiogopa kwamba maneno yako nimeyatunga mwenyewe kwa kuyatamani. Sikuyatunga. Lakini sina wa kunithibitishia, na wewe ndiye pekee ambaye ningekuuliza.

Pumzika, Papa. Alhamisi nilitia saini karatasi za mazishi kwenye komuni, ofisi ya mtaa, na Jumamosi tulikuzika hapa Schaerbeek tunapoishi. Papa Mukubwa hapokei tena simu zangu. Nasikia kaburi la kule amelifukia.

Binti yako wa kwanza