Macho ya Mama na Mtu wa Bima

Kwa wakazi wote wa nyumba hii tukufu: Waziri wenu wa Afya ya Macho ameondoka kwa ziara ya kikazi. Yaani nimekwenda bekari, kazini kwa Mama, kumpelekea simu aliyoisahau kwenye chaji.

Baba, maharage yako jikoni, usiyaache yaungue. Risiti za daktari wa macho usizitupe, zitakupunguzia kodi.

Mama, tukipishana njiani, chukua barua ya daktari uende ofisi ya bima leo kabla hawajafunga. Walipiga simu asubuhi. ~~Wamepoteza faili lako.~~

Dada amesoma nyuma ya bega langu. "Andika ukweli, mheshimiwa, au nauandika mimi."

Haya. Mjomba hutupigia kila asubuhi akijifanya mkubwa fulani. Juzi alikuwa mkuu wa magereza. Leo, kwenye simu yako, sauti nzito ikauliza kama miwani inakusumbua kazini. Nikadhani ni yeye, nikaigiza sauti yako: "Inisumbue nini, mwanangu? Naivaa kwa urembo tu." Akashukuru, akakata. Mjomba huwa hashukuru.

Na bima ya kazini kwako hailipii upasuaji wa macho kwa leza ukiwa ni wa urembo tu. Nimempigia yule bwana wa bima, nikamweleza jinsi mvuke wa oveni unavyotia miwani ukungu mpaka unashika trei za moto kwa kupapasa. Amecheka, lakini anataka kukuona mwenyewe. Sauti yako haiamini tena.

Nisamehe, Mama. Ni mimi niliyeharibu, hakuna faili lililopotea.

Kitinda mimba wako